Karoti, Sukari na Macho ya Mrisho

Chang'ombe huamka mapema. Jua halijapanda vizuri, akina mama wa maandazi wamekwisha bandika mafuta, na vijana wa bodaboda wanafuta vumbi kwenye viti vya pikipiki zao. Vumbi la Dodoma halina adabu. Ukilifuta sasa hivi, upepo unalirudisha.

Salha naye alikuwa kwenye kibanda chake cha juisi. Alimenya, alikata, alisaga. Mashine yake ilinguruma mpaka jirani wa duka la vocha akawa anapaza sauti ili asikike. Wateja walimpenda Salha. Juisi yake ilikuwa nzito, tamu na baridi. Na kila glasi aliitoa pamoja na neno.

"Hii ya ukwaju itakushusha joto, mwanangu. Hii ya karoti ndiyo macho yenyewe. Utaona mpaka sindano iliyoanguka mchangani!"

Watu walicheka, wakanywa, wakalipa.

Lakini glasi ya kwanza ya karoti haikuuzwa. Hiyo ilikuwa ya mumewe, Mrisho.

Mrisho alikuwa fundi umeme. Mji ulikuwa unakua kila upande, na kila nyumba mpya ilitaka taa. Kazi haikumwishia. Tatizo lilikuwa macho. Mrisho alikuwa akiishi na kisukari kwa miaka kadhaa, na hospitali walikuwa wamempa vidonge vya kumeza kila siku. Kisha, baada ya Ramadhani iliyopita, alianza kuona vitu vyeusi vinaelea mbele yake kama inzi. Alivifukuza kwa mkono, havikuondoka. Asubuhi moja aliona vizuri. Asubuhi ya pili aliona kama anatazama kupitia kioo chenye mvuke.

"Ni uzee unabisha hodi," alisema.

"Uzee gani? Wewe hata hamsini na tano hujafika," Salha alijibu. "Macho yako yana njaa. Nitayalisha."

Basi akaanza kumsagia karoti. Siku ya kwanza Mrisho alikunja uso.

"Mama Aiman, hiki ni chakula cha sungura."

Salha akaongeza sukari. Akaongeza asali. Akamalizia na maziwa ya kopo. Mrisho akanywa yote na kulamba mdomo. Tangu siku hiyo, glasi ikawa ya kila asubuhi.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyewashauri. Huyu aliitwa Joel, kijana mpole aliyeuza virutubisho kutoka mtaa hadi mtaa. Alikuja na mkoba mweusi, akatoa kopo lenye picha ya jicho.

"Mama, hivi ni vidonge vya macho. Mtoto wa jicho, presha ya macho, macho ya kisukari, vyote vinaondoka."

"Na dawa zake za hospitali?" Salha aliuliza.

"Apunguze taratibu. Dawa nyingi zinachosha mwili."

Mrisho alifurahi kusikia hivyo. Alikuwa amechoka na vidonge vya hospitali. Akaanza kumeza vya Joel kila siku. Vya hospitali alimeza akikumbuka, na mara nyingi hakukumbuka.

Wiki zikapita. Inzi mbele ya macho yake wakazidi.

Siku moja mchana, Salha aliona watu wawili wanakuja kibandani kwa miguu. Mmoja alikuwa Mrisho. Wa pili alikuwa Lameck, fundi mwenzake, Mgogo wa Chamwino, mtu wa maneno machache. Lameck alikuwa amebeba mkoba wa vifaa wa Mrisho. Salha akazima mashine. Mrisho hakuwa mtu wa kumwachia mwingine mkoba wake.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Mrisho alisema. "Tumemaliza mapema."

Lameck aliweka mkoba chini. "Shemeji, hatujamaliza. Niseme ukweli?"

"Sema."

"Tulikuwa tunaunga pampu ya maji kwenye nyumba moja kule Ihumwa. Mrisho ameunga waya wa moto mahali pa waya wa ardhi. Tungewasha, bomba lote lingekuwa na umeme. Na mama mwenye nyumba alikuwa amesimama palepale, ameshika ndoo, anasubiri maji."

Salha alimgeukia mumewe.

"Mwanga ulikuwa hafifu!" Mrisho alifoka. "Mtu yeyote anaweza kukosea!"

"Mwanga ulikuwa wa saa sita mchana, kaka," Lameck alisema polepole. "Mimi nilipima kabla ya kuwasha, ndiyo maana tuko hapa tunazungumza. Umenifundisha kazi hii wewe mwenyewe. Lakini sitakupa waya tena mpaka macho yako yapimwe. Kasirika tu, nitavumilia."

Akaaga, akaondoka.

Mrisho aliketi kwenye benchi. Aliificha mikono yake katikati ya magoti. Salha alishikwa na hofu. Halafu hofu ikageuka kuwa ukali, ule ukali wa mtu aliyeamua.

"Haya macho hayatanishinda," alijisemea. "Kama glasi moja haitoshi, atakunywa jagi."

Na kweli, kesho yake akasaga jagi zima. Karoti, sukari, asali, maziwa ya kopo. Mrisho alikunywa asubuhi, mchana na jioni. Siku hizo hakwenda kazini. Alilalamika kiu. Alikwenda chooni mara kwa mara. Miguu ilimwaka moto. Na Salha, kila alipomwona ana kiu, alimjazia glasi nyingine.

Jirani yao mmoja aliitwa Erica. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya macho. Jioni moja alipita kibandani akitoka kazini, akaagiza juisi ya ukwaju isiyo na sukari, kama kawaida yake. Akaliona jagi.

"Hili lote la nani, Mama Aiman? Kuna shughuli?"

"La baba Aiman. Nampa kwa ajili ya macho."

Erica aliinama, akatazama ndani. "Umetia nini?"

Salha akamtajia vyote kwa fahari. Kadiri alivyotaja, ndivyo uso wa Erica ulivyobadilika.

"Dada Salha, si uliwahi kuniambia baba Aiman ana kisukari?"

"Ndiyo."

"Anaona vitu vinaelea?"

"Kama inzi. Umejuaje?"

Erica aliweka glasi yake chini. "Nisikilize, dada yangu, wala usinielewe vibaya. Hayo macho hayana njaa. Yanaumizwa na sukari. Na hili jagi ni sukari."

"Ni karoti!"

"Karoti iko humo, ndiyo. Lakini umeongeza sukari, asali na maziwa ya kopo. Hata juisi ya matunda matupu hupandisha sukari haraka, kwa sababu mtu hunywa matunda mengi kwa mara moja. Mtu mwenye kisukari akinywa jagi hili kila siku, sukari inapanda kupita kiasi."

Salha alilitazama jagi kama analiona kwa mara ya kwanza. Alitaka kubisha. Kisha akakumbuka ile kiu. Akakumbuka safari za chooni, mara kwa mara, usiku na mchana.

"Mlete kliniki kesho," Erica alisema. "Asubuhi. Usisubiri wiki ijayo."

Salha alibeba jagi mpaka kwenye mtaro, akamwaga lote. Kisha akarudi nyumbani, akamwambia Mrisho habari ya kliniki.

Mrisho hakutaka. "Watanichoma sindano ya jicho. Nimesikia habari zao. Mtu anaingia anaona, anatoka haoni."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu hao walikuwepo Ihumwa siku ya pampu?" Salha aliuliza. "Baba Aiman, nimekuwa nikikupa juisi kwa mkono wangu huu. Kumbe nakuzidishia ugonjwa. Sitakaa niendelee kubahatisha na macho ya mtu. Kesho kibanda kinafungwa. Tunakwenda wote. Ukikataa, nitakaa mlangoni na wewe hutatoka kwenda popote."

Mrisho alimtazama. Alimjua mkewe. Akiongea kwa sauti ya chini namna ile, hakuna wa kumgeuza.

Asubuhi walifika kliniki. Kwanza Mrisho alichomwa kidole kupimwa sukari. Ilikuwa juu sana. Akapimwa presha ya damu, nayo ilikuwa imepanda. Akasomeshwa herufi ukutani, jicho moja moja. Kwa jicho la kulia alisoma mistari kadhaa. Kwa jicho la kushoto aliishia mstari wa pili.

Kisha Erica akamtia matone ya kutanua mboni. "Hayaumi," alisema. "Yanamwezesha daktari kuona nyuma ya jicho. Kwa saa chache mwanga utakusumbua, na vitu vya karibu utaviona kwa ukungu. Vitarudi kama kawaida. Leo usiendeshe chombo chochote."

Daktari wa macho aliitwa Sila. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Alipiga picha nyuma ya macho ya Mrisho, akawaonyesha kwenye skrini. Salha aliona duara la rangi ya chungwa lenye mishipa kama mizizi. Katikati ya mishipa kulikuwa na madoa mekundu, na mengine ya manjano.

"Mzee Mrisho, wewe ni fundi umeme," daktari alisema. "Waya ukichunika ganda, nini hutokea?"

"Umeme unavuja."

"Basi. Huku nyuma ya jicho kuna sehemu inayoitwa retina. Ndiyo inayopokea picha ya kila unachokiona. Inalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, inaichakaza hiyo mishipa. Inavuja. Haya madoa mekundu ni damu. Wale inzi unaowaona ni damu iliyovujia ndani ya jicho."

Mrisho aliisogelea skrini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nitapofuka?"

"Umekuja wakati bado tunaweza kuyaokoa macho. Tutatumia leza kuzuia uvujaji usiendelee. Huenda baadaye ukahitaji sindano pia. Tunatia ganzi kwanza. Lakini leza pekee haitoshi. Sukari na presha visiposhuka, tutaziba huku, na kule kutavuja. Hapo kazi ni yenu."

Salha alifungua mkoba, akatoa kopo la vidonge vya Joel. "Daktari, na hivi?"

Dkt. Sila alisoma maandishi ya kwenye kopo kwa makini. "Unavuta sigara, mzee?"

Mrisho alimtupia jicho mkewe. "Mbili tatu. Nikiwa kazini."

"Mbili tatu!" Salha alishangaa. "Uliniambia uliacha!"

"Basi hivi vidonge havikufai hata kidogo," daktari alisema. "Vina beta-karotini nyingi. Imeonekana kwamba kwa mvutaji, vidonge vyenye kiasi kikubwa cha beta-karotini vinaweza kuongeza hatari ya saratani ya mapafu. Ile iliyomo kwenye karoti na mchicha haina shida, kula. Na sigara yenyewe acha, inaharibu mishipa ileile tunayohangaika nayo."

"Kwa hiyo karoti ni uongo?" Salha aliuliza. "Mimi nawaambia watu kila siku, karoti ni macho."

"Si uongo, mama. Ni ukweli nusu. Jicho linahitaji vitamini A. Mtoto asiyeipata hushindwa kuona kukiingia giza, macho yake hukauka, na anaweza kupofuka kabisa. Ndiyo maana watoto chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A kliniki. Kwa mtoto kama huyo, chakula na matone ni tiba hasa. Lakini mumeo hana upungufu huo. Ni kama ndoo iliyokwisha jaa. Ukiongeza karoti, haziendi kuziba mshipa unaovuja."

"Na mtoto wa jicho? Kuna mama mmoja mteja wangu anao ugonjwa huo."

"Hakuna juisi wala kidonge kinachouyeyusha. Ni upasuaji. Mwambie aje."

"Na presha ya macho?"

"Hiyo ina matone yake, na wakati mwingine leza au upasuaji. Mtu akiacha matone akategemea virutubisho, anapoteza kuona kidogokidogo bila kujua, na kilichopotea hakirudi." Daktari alirudisha kopo mezani. "Kuna wazee wenye ugonjwa wa kuchakaa katikati ya retina. Kwa baadhi yao, vitamini fulani za kipimo maalumu hupunguza kasi ya ugonjwa. Hupunguza kasi tu, ugonjwa wenyewe hauponi. Na lazima mtu apimwe kwanza. Ndiyo maana nasema, kidonge cha macho si cha kila jicho."

Salha alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alilia kwa muda mfupi tu. Kisha akakaa vizuri kwenye kiti.

"Niambie ale nini," alisema. "Kimoja kimoja."

Siku hiyo hawakurudi nyumbani mpaka Salha alipoelewa kila kitu.

Mrisho alirudi kwenye vidonge vyake vya hospitali, kila siku, bila kuruka. Leza ilifanyika. Alitoka akishangaa. "Ni mwanga tu wa kumulika, na kichomo kidogo," alimwambia Lameck kwa simu. "Nilikuwa naogopa bure."

Kazi ngumu ilikuwa sahani. Mrisho alizoea mlima wa ugali na mboga kidogo pembeni. Salha akageuza. Nusu ya sahani ikawa mboga: mchicha, majani ya kunde, mlenda, siku nyingine boga. Robo ikawa maharage, samaki au yai. Robo iliyobaki ndiyo ikawa ugali.

"Huu ugali wa mtoto," Mrisho alinung'unika.

"Ongeza mlenda."

"Basi fanya uwe wa uwele. Wazee wetu walikula uwele, sukari haikuwasumbua."

"Nimemuuliza Erica. Uwele ni mzuri, lakini nao ukizidi unapandisha sukari. Kipimo ni kilekile."

Chai ikawa ya tangawizi bila sukari. Chungwa akalila zima badala ya kulinywa. Zabibu zilipoiva na kujaa barabarani, alipewa kiganja kimoja, akazitafuna moja moja kama anazihesabu. Jioni walitembea pamoja, kutoka nyumbani hadi uwanja wa mpira na kurudi.

Haikuwa rahisi. Siku moja Salha alikuta kifuniko cha soda mfukoni mwa suruali alipokuwa akifua. Alikiweka mezani, mbele ya sahani ya Mrisho. Mrisho alikisukuma pembeni.

"Jua lilikuwa kali," alisema.

"Maji nayo yanauzwa huko dukani."

"Yanauzwa."

"Basi."

Kuanzia hapo alibeba chupa ya maji. Sigara ilimchukua muda zaidi. Aliacha, akarudi, akaacha tena. Mara ya mwisho alimpa Lameck kiberiti chake na kumwambia asimrudishie hata akimpigia magoti.

Kibandani nako mambo yalibadilika. Salha aliendelea kuuza karoti, lakini maneno yalikuwa mengine. Mteja akisema, "Mama, nipe ya macho," alimjibu, "Karoti ni chakula, mwanangu, si hospitali. Macho yanakusumbua vipi? Umepimwa sukari?" Wengine walikasirika na kwenda kunywa kwingine. Kwa wiki chache biashara ililegea, na Salha alilala na wasiwasi. Lakini hakurudi nyuma. Akaanza kuuza matunda ya kukata kwenye vibakuli, na juisi isiyotiwa sukari. Wafanyakazi wa ofisini wakaanza kuagiza. Yule mama mwenye mtoto wa jicho alikwenda kliniki, akafanyiwa upasuaji, akaja kibandani bila kushikwa mkono.

Joel naye alipita tena na mkoba wake. Salha alimkaribisha kwenye benchi, akampa maji.

"Mwanangu, najua unatafuta riziki. Lakini usimwambie tena mtu aache dawa ya hospitali. Mume wangu alikaribia kuua mtu."

Akamsimulia habari ya pampu. Joel alisikiliza, mkoba ukiwa mapajani.

"Mama, mimi niliambiwa hivyo kwenye semina," alisema. "Sikujua."

"Sasa umejua. Ukikutana na mtu wa macho, mwelekeze akapimwe kwanza. Uko radhi?"

Joel alikubali. Hakuuza kitu siku hiyo pale kibandani.

Baada ya miezi kadhaa, walirudi kliniki. Kidole, presha, herufi, matone. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka mahali pake. Dkt. Sila aliweka picha mbili kwenye skrini, ya zamani na mpya.

"Damu imekauka," alisema. "Hakuna uvujaji mpya. Jicho la kulia liko vizuri. La kushoto limepata nafuu, ingawa hapa katikati kuna kovu. Hapo hapatarudi kama zamani. Lakini kwa hali hii unaweza kurudi kazini."

"Lameck amekubali kunipa waya," Mrisho alisema, akicheka. "Sharti lake ni moja. Kila ninachounga, yeye anakagua kabla hatujawasha."

"Ni sharti zuri."

"Kwa hiyo, daktari, tumemaliza?"

Kabla daktari hajajibu, Salha alijibu. "Hatujamaliza. Tutapangiwa tarehe nyingine. Na nyingine baada ya hiyo."

"Lakini naona, Mama Aiman!"

"Ndiyo maana tunarudi. Ili uendelee kuona."

Walipotoka nje, kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja aliyevaa kanzu, ameshika fimbo. Alikuwa ameinuka, anataka kuondoka. Binti yake alikuwa anamvuta mkono. "Sitaki hiyo leza yao," mzee alisema. "Nitapata karoti sokoni, nitajitibu nyumbani."

Mrisho alisimama. Mboni zake zilikuwa bado zimetanuka kwa dawa, na mwanga ulimfanya apepese macho. Alipapasa benchi, akaketi karibu na mahali alipokuwa mzee.

"Shikamoo, mzee wangu. Kaa kidogo. Hizo karoti, mimi nimezinywa jagi zima. Nikusimulie."

Mzee alisita, kisha akaketi.

Salha alitazama saa. Wateja wa mchana walikuwa wamekwisha anza kufika kibandani. Akavua viatu, akaketi upande wa pili wa mumewe, akamwacha aongee.